Ukienda Italia, lala shambani

Ukisafiri Italia, usikimbilie hoteli za karibu na stesheni. Tafuta nyumba zenye kibao cha agriturismo, yaani shamba linalolaza wageni. Ni mashamba ya kweli, maana sheria inamtaka mwenye nyumba awe mkulima na kilimo kibaki ndiyo kazi yake kuu. Mikoa ya Umbria na Marche bei huwa nafuu kuliko mkoa wa Toscana, hasa Mei au Oktoba. Asubuhi unaandaliwa mkate, jamu iliyopikwa hapohapo, na mafuta ya mizeituni ileile unayoiona dirishani. Wengi hupika na chakula cha jioni, mradi useme mapema. Mwandikie mwenye nyumba moja kwa moja, umuulize kama ushuru wa wageni umo kwenye bei. Gari utalihitaji: mabasi ya vijijini ni machache, Jumapili ndiyo usiseme.