Rampu ya kiti mwendo: pima kabla ya kununua saruji

Mama alipoanza kutumia kiti mwendo, tulimwaga zege mlangoni siku ileile fundi alipofika. Kibaraza kiko juu sentimita 45, uwanja ulikuwa na mita 3, basi rampu, yaani mteremko wa kupandishia kiti, ikawa ya mita 3. Kwa macho ilipendeza. Kumsukuma mama juu yake kulitaka watu wawili.

Kosa lilikuwa kuuachia uwanja upange urefu. Urefu hupangwa na kimo. Gawanya kimo kwa umbali wa chini, ule wa mlalo, upate tanjenti ya pembe: 45 kwa 300 ni 0.15, na kikokotoo cha simu, ukibonyeza tan⁻¹, kitakwambia digrii 8.5. Kipimo kinachotumika sana kwa viti mwendo, na ambacho kanuni za Marekani zimekiweka kuwa kikomo, ni 1 kwa 12, kupanda sentimita 1 kwa kila 12 za mlalo, yaani digrii 4.8. (Kikokotoo kikikupa 0.083 badala ya 4.8, kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Kirudishe kwenye digrii.) Tofauti hiyo usiidharau. Mama na kiti chake wakiwa kilo 100, zidisha kwa saini ya pembe (kitufe cha sin): kwenye digrii 4.8 mikono inabeba uzito wa kama kilo 8, kwenye 8.5 inakaribia 15, tena bila kuhesabu msuguano wa magurudumu.

Kwa hiyo sentimita 45 zinataka mita 5.4. Lakini hapo pana mtego, nao ndio ningependa kila mtu aujue kabla ya kuita fundi: kimo hakipimwi kwenye ngazi. Kinapimwa pale rampu itakapogusa ardhi, na uwanja mwingi unashuka kuelekea barabarani. Chukua bomba jembamba la mpira linaloonyesha ndani, ulijaze maji hadi mapovu yote yatoke, mmoja ashike ncha moja kibarazani, mwingine asimame na ya pili mwisho wa mita 5.4. Maji yakitulia, uso wake kwenye ncha zote mbili uko usawa mmoja: pima kutoka hapo hadi chini kila upande, na tofauti ndiyo kimo. Ukikuta ardhi imeshuka sentimita 10 zaidi, kimo sasa ni 55, na 55 mara 12 ni mita 6.6, ukisogea hadi huko, ardhi imeshuka tena kidogo. Rudia kupima. Kwa uwanja wa namna hiyo utaishia karibu mita 7.

Kama nafasi haitoshi, kata kona, ila pale pa kugeukia pawe tambarare, mita moja na nusu kila upande. Mbele ya mlango pia uache tambarare hiyo, hasa mlango ukifungukia nje, maana anayeufungua akiwa kwenye kiti hulazimika kurudi nyuma.

Fundi akikutajia mteremko wa "kumi", muulize ni asilimia au digrii. Asilimia 10, yaani kupanda 10 kwa kila 100 za mlalo, ni digrii 5.7; digrii 10 ni karibu asilimia 18, na hapo hata mimi mwenye miguu miwili huinama nikipanda.