Namna ya kuboresha utando wa dioksidi ya titani katika seli za jua zinazotumia rangi

Seli ya jua inayonasa mwanga kwa molekuli za rangi, ambayo Brian O'Regan na Michael Grätzel waliitangaza mwaka 1991 wakiwa Lausanne, Uswisi, ilifaulu kwa sababu ya utando wake: chembe ndogo mno za dioksidi ya titani zilishikamana na kuacha vitundu katikati yake, hata rangi ikapata eneo la kushika lililo kubwa mara mamia kuliko kioo chenyewe. Kwa hiyo, anayetaka kuongeza ufanisi na aanze na utando kabla ya kutafuta rangi ya bei ghali.

Safisha kwa sabuni, maji yaliyotoneshwa na ethanoli kioo kilichopakwa oksidi ya bati yenye florini, inayopitisha umeme, kisha kitumbukize kwa dakika 30 katika myeyuko wa tetrakloridi ya titani, milimoli 40 kwa lita, wenye joto la nyuzi 70 za Selsiasi. Tabaka jembamba linalojengeka huzuia elektroni zilizokwisha kufika kwenye kioo zisivujie ndani ya elektroliti, yaani kimiminika kinachojaza seli. Tetrakloridi ya titani ikikutana na maji hutoa moshi mkali wa asidi hidrokloriki, hivyo myeyuko uandaliwe kwa maji yenye barafu, ndani ya kabati la kuvuta moshi, na mwandaaji avae miwani na glavu.

Juu yake paka rojo la chembe za nanomita 20, tabaka kwa tabaka, hadi unene wa mikromita 10 au 12. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba unene zaidi huleta umeme zaidi. Ukweli ni kwamba utando unaponenepa elektroni husafiri mbali zaidi, nyingi hunaswa na triiodidi (ioni za iodini) iliyomo katika elektroliti, na volti hushuka. Ni afadhali kuongeza tabaka la mikromita 4 la chembe kubwa za nanomita 400, ambazo huurudisha ndani mwanga mwekundu uliopenya bila kunaswa.

Pandisha joto la tanuri polepole ili utando usipasuke, ufikishe nyuzi 500 kwa dakika 30, rudia kuutumbukiza katika tetrakloridi ya titani, kisha choma tena. Mzunguko huu wa pili huimarisha maungio ya chembe, na kwa maoni yangu ndio unaolipa zaidi gharama yake. Tumbukiza utando katika rangi ukiwa bado na nyuzi 80 hivi, usije ukafyonza unyevu wa hewa, uuache usiku kucha. Maji ya choya yanafaa kwa mafunzo, ingawa ufanisi wake mara nyingi hauvuki asilimia 1.

Nyuzinano (nyuzi nyembamba mno) za oksidi ya zinki hupitisha elektroni haraka, lakini eneo lake ni dogo na rangi zenye asidi huziyeyusha, anayeanza asizikimbilie.

Badilisha jambo moja tu kila mara, upime chini ya mwanga wa wati 1000 kwa mita mraba huku ukiifunika seli kwa kizuizi cheusi chenye tundu la eneo linalojulikana. Mkondo ukiwa mdogo ilhali volti ni nzuri, kagua unene na rangi. Volti ikishuka, kagua kwanza tabaka la chini.