Wasanii wa Unguja na Pemba mlioko nje: hizi kazi za sanaa za maeneo ya umma zinapatikana hivi

Kila nikienda likizo nyumbani naulizwa Forodhani, eti we nani alokushika mkono hadi ukaweka sanamu kwenye uwanja wa wazungu? Hakuna ndugu zangu, hizi kazi zinatangazwa. Marekani miji mingi ina sheria kwamba likijengwa jengo la umma basi sehemu ya bajeti, mara nyingi asilimia 1, iende kwenye sanaa, Philadelphia walianza tangu 1959. Ingia CaFÉ, mtandao wa Marekani wa matangazo ya kazi za sanaa, kujisajili ni bure. Wala usiogope ugeni, ile sanamu ya watumwa pale Mkunazini si kaifanya Msweden, Clara Sörnäs, mwaka 1998? Ila soma masharti, kuna matangazo ni ya wakaazi wa mji huo tu, na wewe wa viza ya masomo usisaini kitu hujauliza maana kwa kawaida hairuhusu kujiajiri.

Sasa wengi tunaharibu hapa. Tangazo likiandikwa RFQ, yaani wanaomba sifa zako, hawataki mchoro, wanataka kukujua wewe, picha za kazi zako, barua fupi na CV basi. Mimi mara ya kwanza nikawachorea mlango mzima wa Kizanzibari na misumari yake, siku tatu silali, hata hawakuutazama. RFP, yaani wanaomba pendekezo, ndo wanataka wazo, na ukiingia wale wachache wa mwisho mara nyingi wanakulipa kuliandaa, wasiolipa mie siku hizi nawapita tu. Picha usipige kwa simu ndani ya chumba cha kiza, na msimamishe mtu pembeni ukubwa uonekane. Kama hujafanya kazi ya nje hata moja, anza na ukuta wa skuli au mkahawa wa jirani.

Hesabu sasa. Ukisikia dola 40,000 usianze kuulizia kiwanja Fumba! Humo mna injinia, msingi, chuma, usafiri, bima, kodi, na asilimia 10 ya dharura uiweke kando. Mimi nilisahau kreni, kreni tu, ikala malipo yangu karibu yote, nikabaki nacheka mwenyewe kama mwehu. Na nakshi ya mbao wanaipenda kweli lakini kwenye theluji na jua inataka matunzo kila mwaka na wao lazima watakuuliza nani atalipa, kwa hivo nakshi zangu skuizi nazihamishia kwenye chuma kinachokatwa kwa leza.

Mkataba usome wote, VARA, sheria ya Marekani ya haki za wasanii ya 1990, inalinda jina lako na kazi isiharibiwe, ila mikataba mingi inakutaka uisamehe haki hiyo.

Na tarehe ya mwisho pale CaFÉ ni saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za Denver, si za kwenu, na jamani 11:59 PM yao ni ya usiku, si ya mchana, nshaona mtu kakosa kwa hilo.