Kamera na flashi za harusi: anza na dakika yenye giza kuliko zote

Kwenye harusi ya nne niliyopiga picha, kadi ya kumbukumbu ilikufa, maharusi wakiwa wameshavishana pete. Nilikuwa na kamera moja yenye nafasi moja ya kadi, na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi. Kwa siku tatu nilihangaika na programu za kufufua mafaili, nikaambulia picha 41. Nilimfuata bibi harusi nyumbani kwake nikamweleza ana kwa ana, maana jambo kama lile halisemwi kwa simu. Tangu hapo, mtu akiniomba nimsaidie kuchagua kamera ya harusi, kwanza namuuliza ina nafasi ngapi za kadi. Ikiwa ni moja, tunaendelea kutafuta.

Ukishapata yenye mbili, ingia kwenye menyu uhakikishe kila picha inaandikwa kwenye kadi zote kwa pamoja, kwa sababu unaweza kuikuta imepangwa kuitumia ya pili pale tu ya kwanza inapojaa. Na beba kamera ya akiba. Si lazima iwe mpya, ilimradi inapokea lenzi zilezile na, ikiwezekana, betri zilezile. Ukinunua iliyotumika, ulizia shata (pazia la ndani linalofunguka na kufungwa kila unapopiga picha) imebofywa mara ngapi. Kwa kamera nyingi za kazi watengenezaji hukadiria shata kuhimili mibofyo 150,000 au 200,000, na za daraja la juu kabisa hufika 400,000. Mimi hupiga kama picha 2,000 kwa harusi moja, kwa hiyo harusi 50 tu zinakula mibofyo 100,000.

Baada ya hapo, sahau mchana. Mchana karibu kila kamera inapendeza. Chagua vifaa ukiifikiria ile dakika yenye giza kuliko zote: taa kuu zimezimwa, maharusi wanacheza, nawe huwezi kuwaambia wasimame. Katika kumbi za namna hiyo hujikuta kwenye ISO 3200 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), f/2.8 (upana wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) na shata 1/60, yaani sehemu moja ya sitini ya sekunde. Lenzi ya kwenye boksi ukiivuta hadi mwisho, tundu lake huishia f/5.6, yaani inaingiza robo tu ya mwanga ule. Itakubidi upande hadi ISO 12800 picha ijae chenga, au ushushe shata hadi 1/15 na wachezaji watoke kama moshi.

Ndiyo maana nasema pesa itangulie kwenye lenzi na flashi, bodi, yaani kamera yenyewe, ifuate. Kihisi, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kikiwa cha fulu fremu kina milimita 36 kwa 24, na kile kidogo cha APS-C ni kama 23.5 kwa 15.6. Eneo linazidi mara mbili na kitu, na gizani faida yake ni kama hatua moja ya ISO (kila hatua ni mwanga mara mbili). Lakini ukitoka f/5.6 kwenda f/1.8, mwanga unaongezeka karibu mara kumi! Mwenye APS-C, lenzi ya f/1.8 na flashi nzuri atarudi na picha safi kuliko mwenye fulu fremu na lenzi ya boksi. Lenzi yangu ya kutwa ni 24-70mm f/2.8, na ya sura ni 85mm f/1.8. Megapikseli 24 zinatosha kabisa: ni nukta 6000 kwa 4000, unachapisha upana wa nusu mita bila wasiwasi.

Kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless) zina shata ya kielektroniki isiyotoa sauti, na wakati wa viapo utaipenda. Ijaribu kwanza chini ya taa za LED. Penye umeme wa 50 Hz, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na picha zinaweza kutoka na mistari ya giza. Shata ya 1/50 au 1/100 husaidia. Penye 60 Hz tumia 1/60 au 1/120. Kumbuka pia kwamba kwa kamera nyingi flashi haiwaki kabisa ukiwa kwenye shata hiyo ya kielektroniki.

Kwenye flashi nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiko nionako wenzangu wengi wakinunua namba badala ya mwanga. Usikubali flashi ambayo kichwa chake hakizunguki pande zote. Flashi inayotazama moja kwa moja usoni hutia uso mng'ao na kuacha kivuli kikali ukutani. Ukiielekeza kwenye dari nyeupe au ukuta ulio kando yako, dari yenyewe inakuwa taa kubwa na laini. Dari ikiwa ya rangi, rangi hiyo itashuka kwenye gauni, kwa hiyo tafuta ukuta mweupe.

Namba ya nguvu, GN, ukiigawa kwa f unapata mita: GN 60 kwa f/5.6 ni kama mita 10.7 kwenye ISO 100. Ila angalia ilipimwa kichwa kikiwa kwenye zumu gani: 200mm hubana mwanga uwe mwembamba, 35mm huutawanya kwa upana. Flashi iliyoandikwa 60 kwenye zumu ya 200mm huwa dhaifu sana kwenye 35mm, na harusini uko zaidi kwenye 35mm. Mwanga wa darini nao unasafiri kupanda na kushuka, na umbali ukiongezeka mara mbili unabaki robo. Panda hadi ISO 800 au 1600 uipunguzie flashi mzigo. Kwa nguvu ndogo, mwako wake hudumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na huo ndio unaomgandisha mchezaji.

Kipengele ninachokithamini kuliko nguvu ni muda wa kujichaji. Flashi ya betri ya lithiamu hurudi kwa kama sekunde moja na nusu baada ya mwako kamili. Ukitumia betri nne za AA, nunua za NiMH za kuchaji. Zile za alkalini huchelewa na hupata moto. Pendelea flashi zinazowasiliana kwa redio, ili ya pili uiweke nyuma ya ukumbi hata kama haionani na kamera. Hakikisha TTL yake, yaani mfumo wa kamera kupima mwanga kupitia lenzi na kuipangia flashi nguvu, inaendana na chapa ya kamera yako. Lakini usiiamini TTL mbele ya gauni jeupe: huliona jeupe, hupunguza mwanga, na sura zinazama gizani. Mimi huongeza theluthi mbili za hatua, na hupiga RAW, yaani faili ghafi ambalo ni rahisi kulirekebisha baadaye. Kwenye balbu za njano huvalisha flashi karatasi ya rangi ya chungwa, ili watu na ukumbi wawe na rangi moja.

Kabla ya kulipa, iwashe flashi kwa nguvu kamili mara 20 mfululizo huku ukihesabu sekunde. Ikianza kuruka mwako au kujizima kwenye wa 12, irudishe mezani.