Somo: Jinsi ya kupanga timu ya watu wanne kwenye mbio za kupokezana za HYROX

Wadau, salaam. Tangu niweke picha ya timu yetu ya Dubai naulizwa maswali yale yale mpaka simu inaisha chaji. Wengi mnadhani mbio za kupokezana za ukumbini ni kama zile za Umitashumta, michezo ya shule za msingi: pokea kijiti, kata upepo, mpe mwenzio, kajilaze kwenye nyasi. Huku mambo ni tofauti. Zamu yako ikiisha bado una nyingine, na namna ulivyosubiri katikati ndiyo itakayokubeba au kukuangusha. Ninaeleza kwa kutumia HYROX kwa sababu ndiyo niliyoshiriki, na ndiyo ninayowafundishia watu jimu.

Kwa asiyeijua: HYROX, mashindano ya kukimbia na kazi za nguvu, ilianzishwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 2017, na Christian Toetzke pamoja na Moritz Fürste, mchezaji wa mpira wa magongo mwenye dhahabu mbili za Olimpiki, Beijing 2008 na London 2012. Hufanyika ndani ya kumbi kubwa za maonyesho. Barani kwetu imeshafika Cape Town na Johannesburg. Popote inapopigwa mtindo ni mmoja: unakimbia kilomita 1, unafanya kazi moja, unakimbia tena kilomita 1, unafanya kazi nyingine, hadi zitimie mara 8.

Hatua ya 1: Zikariri kazi zote 8 kwa mfuatano

1. SkiErg, mita 1,000. Unasimama na kuvuta kamba mbili kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayetwanga kwa michi miwili.
2. Kusukuma sleji, yaani kitoroli cha chuma kisicho na magurudumu kilichopakiwa uzito, mita 50.
3. Kuvuta sleji kwa kamba, mita 50.
4. Bapi za kuruka mbele, mita 80. Kifua sakafuni, inuka, ruka mbele, lala tena.
5. Mashine ya kupiga makasia, mita 1,000.
6. Kutembea na vyuma viwili, kimoja kila mkono, mita 200.
7. Hatua za kupiga goti, gunia la mchanga begani, mita 100.
8. Kuchuchumaa na kurusha mpira ukutani, mara 100.

Mfuatano huu hauguswi. Mnachoamua nyinyi ni nani anashika ipi.

Hatua ya 2: Elewa mgawanyo

Timu ni watu wanne: wanaume watupu, wanawake watupu, au mchanganyiko wa wanaume wawili na wanawake wawili. Kila mmoja anakimbia kilomita 1 mara mbili na kufanya kazi mbili. Anayekimbia ndiye anayefanya kazi inayofuata, peke yake, mpaka aimalize. Hakuna kusema "nikimbilie, nitakusukumia sleji". Nimeona timu iliyofanya mazoezi miezi miwili ikiamini mnaweza kugawana hivyo. Siku ya mbio walibaki kuangaliana.

Hatua ya 3: Uzito

Timu za kupokezana hutumia uzito wa daraja la kawaida, lile la Open. Kwa wanaume, sleji ya kusukuma ni kilo 152 na ya kuvuta kilo 103, zote pamoja na sleji yenyewe. Vyuma ni kilo 24 kila mkono, gunia kilo 20, mpira kilo 6 kwenye shabaha ya mita 3. Kwa wanawake ni kilo 102, kilo 78, kilo 16 kila mkono, gunia kilo 10, na mpira kilo 4 kwenye shabaha ya mita 2.70.

Kwenye timu ya mchanganyiko kila mtu anashika uzito wa jinsia yake. Hili watu hulipita haraka, nami naomba mlisimamie kidogo, kwa sababu ndilo linalovunja ile tabia ya "sleji wapeni wanaume". Dada wa timu yetu hasukumi kilo 152, anasukuma 102. Ana mapaja ya mtu aliyekua akipanda milima ya Lushoto kwenda shule. Tulimpa sleji, na sikuona mwanaume wa kumfikia kwenye mistari ya jirani.

Hatua ya 4: Panga zamu

Hapa ndipo kazi ilipo. Chukueni kalamu.

Mpango ambao timu nyingi huanza nao ni A, B, C, D, halafu A, B, C, D tena. Fuatisheni namba za kazi muone kinachotokea. A anapata ya 1 na ya 5, mashine zote mbili. B anapata ya 2 na ya 6: kusukuma sleji na kubeba vyuma. C anapata ya 3 na ya 7: kuvuta kamba na kupiga magoti na gunia. D anapata ya 4 na ya 8: bapi na mpira wa ukutani.

Mgawanyo huo haukupangwa na mtu, unajitokeza wenyewe, lakini unakaa vizuri ajabu. A awe mtu wa pumzi ndefu na mgongo imara, hata kama hana nguvu za kutisha. B awe yule mzito wenu mwenye mikono ya kushika. C awe mtu wa mapaja na kiuno. Lakini D, jamani! D ndiye anayeonewa. Mita 80 za kulala na kuruka, kisha mipira 100 wakati ukumbi mzima unamtazama na wenzake watatu wanapiga kelele. Msimpe zamu hiyo mtu kwa sababu tu ndiye aliyebaki.

Sasa, hamlazimiki kufuata mpango huo. Duru ya pili mnaweza kuwapindua C na D: C akamaliza na mpira, D akachukua gunia. Sisi tulifanya hivyo. D wetu ni mfupi, mwepesi, anaruka kama panzi, bapi kwake ni mchezo. Ila mfupi akirusha mpira mita 3 juu, kila mpira unamdai zaidi kuliko mrefu. C wetu ana futi 6 na ushee, mkono wake ukinyooka mpira umeshakaribia shabaha. Tukawabadilisha.

Mpango mwingine ni kila mtu kumaliza zamu zake mbili mfululizo: A, A, B, B, C, C, D, D. Faida yake ni kwamba mnapokezana mara 3 tu badala ya 7. Tuseme kila kupokezana kunakula sekunde 10. Hapo mmeokoa sekunde 40. Lakini kila mmoja wenu atakimbia kilomita yake ya pili akiwa ametoka kwenye sleji, mashine au gunia sasa hivi, miguu imejaa, pumzi imekatika. Akichelewa sekunde 20 tu kuliko ambavyo angekimbia akiwa amepumzika, kwa watu wanne ni sekunde 80. Hesabu imeshawakataa. Mimi huu simpendekezei mtu, isipokuwa timu yenye mtu anayechelewa sana mwili wake kuchangamka upya.

Hatua ya 5: Kupokezana na kuhesabu mizunguko

Ukimaliza kazi unakimbia hadi eneo la kupokezana, mwenzio yuko pale anasubiri, anaondoka. Kimaandishi ni rahisi. Ukumbini kuna muziki wa kupasua masikio, mamia ya watu, na wengi wamevaa nyeusi. Vaeni rangi moja inayoonekana kutoka mbali. Sisi tulivaa njano ya kuchoma macho, na anayefuata alikuwa amesimama tayari, si amechuchumaa anafunga kamba za viatu.

Jambo la pili ni kilomita yenyewe. Haiwi mstari mmoja, ni mizunguko ndani ya ukumbi, na idadi yake inategemea ukubwa wa ukumbi. Mnaambiwa siku hiyo. Kuhesabu ni juu yako. Kijana wetu mmoja alipotewa na hesabu akaongeza mzunguko mzima. Sisi tumesimama pale tunapunga mikono, yeye anatupita akitupungia na tabasamu, anadhani tunamshangilia. Ukipunguza ni mbaya zaidi, kwa sababu unaadhibiwa. Tangu siku ile tunahesabu kwa vidole: kila nikipita alama ninakunja kimoja, sikikunjui mpaka niingie kwenye kazi.

Hatua ya 6: Kusubiri

Kama kila zamu inachukua kama dakika 9, kwa mpango wa A, B, C, D utasubiri dakika 27 kabla ya zamu yako ya pili. Dakika 27 ni nyingi kiasi cha mwili kupoa kabisa, lakini ni chache kiasi kwamba huwezi kula ukashiba.

Mara yangu ya kwanza nilikaa chini ya kiyoyozi na fulana iliyolowa jasho, nikafungua simu, nikajibu meseji. Nilipoitwa nikaruka juu, na kabla sijafika mita 200 msuli wa shavu la mguu ukakaza kama jiwe. Nilikimbia kilomita nzima nikichechemea, na wote waliotuunga mkono kutoka mji jirani wa Sharjah wakishuhudia.

Siku hizi nafanya hivi: nikimaliza zamu ya kwanza natembea dakika 5, sikai. Nabadilisha fulana, navaa koti. Nakunywa maji mafunda machache na kula nusu ya ndizi au tende mbili tatu. Mwenzetu wa kabla yangu akianza kukimbia, nami naanza kupasha misuli: kuruka papo kwa papo, kuchuchumaa, kukimbia polepole. Akiingia kwenye kazi yake, navua koti na kusogea eneo la kupokezana.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo kocha. Mimi niko Tanga, huku hakuna sleji wala SkiErg. Nifanyeje mazoezi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Dumu la lita 20 la mafuta ya kupikia likijaa maji ni kilo 20 na kidogo. Beba mawili mita 200, umemaliza kazi ya 6, na mpini wake mwembamba utakukomaza vidole kuliko vyuma vya jimu. Wanawake wajaze lita 16. Gunia ni mfuko wa mchele uliotiwa mchanga. Pima dukani kwa Mangi kabla hujashona. Mpira: chukua mpira wa kikapu uliochoka, utie mchanga mpaka ufike kilo 6 (wanawake kilo 4), zibisha, kisha chora mstari wa chaki ukutani mita 3 juu. Sleji ni tairi la lori na kamba. Mashine mbili ndizo ngumu kuziigiza, kwa hiyo A wa timu yenu awe mtu anayeweza kufika jimu yenye mashine hizo angalau mara chache kabla ya siku yenyewe.

Swali: Kuna tofauti gani kati ya hii na ile ya watu wawili?

Jibu: Ya wawili ni ngumu mara dufu, usidanganyike. Mnakimbia kilomita zote 8 pamoja, bega kwa bega, kisha mnagawana kazi mnavyotaka, mmoja akichoka mwingine anapokea. Na timu ya mwanamke na mwanaume kule inatumia uzito wa wanaume wa Open, tofauti na kwetu sisi wanne. Ukitaka kuonja mchezo kwa mara ya kwanza, njoo kwenye kupokezana: kilomita 2 na kazi 2, unarudi nyumbani unatembea.

Swali: Bro, mtoto wangu ana miaka 15 na anakimbia kuliko sisi wote. Tunaweza kumweka?

Jibu: Asubiri. Mwisho wa chini ni miaka 16.

Swali: Kocha, kwenye timu yetu kuna mume na mke. Tuwapange vipi?

Jibu: Wasipokezane wao kwa wao. Nasema kwa uzoefu. Mume akimaliza amechelewa, mke anaondoka na maneno, na yale maneno yanasikika mpaka mashine ya makasia. Mmoja awe A, mwingine awe C.

Swali: Mimi ndiye mdhaifu wa timu, naogopa kuwaangusha. Nikae wapi?

Jibu: Dada yangu, kwanza tuulizane udhaifu uko wapi. Kama ni mbio, mtakimbia sawa kila mmoja, kilomita 2, hakuna pa kujificha, kwa hiyo anza mazoezi ya mbio leo. Kama ni nguvu, kaa A. Mashine inakwenda kwa kadiri unavyoivuta, haigomi. Sleji ikikugomea inasimama pale pale na wewe unasimama nayo, na mpira ukikosa shabaha hauhesabiwi. Ila ukiwa A kuna mtego mmoja: wewe ndiye unayeanza, mnaachiwa kundi zima kwa pamoja, na kila mtu anatoka mbio kama ameona nyoka. Waache waende. Mzunguko wa pili utaanza kuwapita mmoja mmoja.

Swali: Mipira 100 naruhusiwa kupumzika katikati?

Jibu: Ruhusa unayo, muda tu ndio unaokwenda. C wetu hugawa 25, anapumua mara tano mpira ukiwa mkononi, 25 nyingine. Anasema ukiuweka chini, kuinama kuuokota ndiko kunakokumaliza.