Daftari la shukrani huanzia kurasa za nyuma

Nina duka la rejareja, na chini ya kaunta lipo daftari la madeni. Sukari nusu kilo, mkate, vocha, nani kachukua na lini. Nilijua ninachodai hadi shilingi mia. Lakini jioni nikisali nilisema "Mungu, asante kwa yote", kisha mbio kwenye haja zangu. Mteja akiniambia "nitakulipa vyote" bila kutaja hata kimoja, mimi simwamini. Siku moja nililigeuza daftari lile, nikaanza kuandika kwa nyuma niliyotendewa na Mungu. Ninavyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: Tafuta daftari.
La shule, la bei ndogo, linatosha. Simu siipendekezi. Utaifungua uandike shukrani, utajikuta unapekua picha za harusi ya watu.

Hatua ya 2: Andika kama unavyoandika deni.
Siku, kitu, kiasi, na kimepitia kwa nani. "Afya njema" peke yake haitoshi. Andika: "Jumanne. Mvua saa kumi jioni, pipa limejaa, sikununua maji." Au: "Alhamisi. Dereva wa bodaboda karudisha chenji niliyomzidishia, elfu mbili." Mistari mitatu kwa siku inatosha.

Usione haya kuandika vitu vidogo. Soma Zaburi ya 136, ile yenye "kwa maana fadhili zake ni za milele" katika kila mstari. Inaanza na uumbaji, inapita Bahari ya Shamu, inawataja wafalme Sihoni na Ogu, halafu karibu na mwisho, mstari wa 25, inamshukuru Mungu anayewapa wote wenye mwili chakula. Chakula cha leo kimewekwa foleni moja na bahari iliyogawanyika.

Hatua ya 3: Usilaze.
Katika Walawi 7:15, nyama ya sadaka ya shukrani iliamriwa iliwe siku ile ile, isibakizwe hadi asubuhi. Mimi huandika kabla ya kufunga duka, nikiwa nimesimama. Mteja akija namhudumia, narudi. Nikisema nitaandika kitandani, nalala.

Hatua ya 4: Soma kwa sauti ndipo uombe.
Mistari yako mitatu kwanza, haja zako baadaye. Basi.

Hatua ya 5: Siku mbaya.
Hapa ndipo wengi huacha, hata mimi niliacha kwa muda. Usiku mmoja walivunja duka wakabeba mafuta ya kula, sabuni na unga. Jioni yake nilitaka kuandika "asante kwa wezi", maana nilishasikia watu wakifundisha hivyo. Mkono ukakataa. Siku hizi, siku kama ile naanza na malalamiko, palepale kwenye ukurasa wa shukrani. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana atamsahau mtu wake hata lini, na inamalizika kwa kumwimbia. Nikishalalamika, natafuta jambo moja tu la kweli. Siku ile liliandikwa hivi: "Jirani kaniazima kufuli."

Na jambo moja naomba uliepuke. Tumezoea kusali, "Wengi walitamani kuiona siku ya leo, hawakuiona." Nami niliisema sana, mpaka siku niliyoisema kwenye jumuiya huku kando yangu ameketi mama aliyetoka kuzika wiki ile. Nilitamani maneno yanirudie mdomoni. Farisayo wa Luka 18 naye alianza vizuri, "Ee Mungu, nakushukuru", akaharibu pale alipojipima na wengine. Shukuru kwa ulichopewa wewe, msiba wa mwenzako usiufanye mizani.

Hatua ya 6: Pitia wiki nzima Jumamosi.
Tazama majina ya waliotumwa kwako. Mpigie mmoja simu, mwambie kabisa ni kwa jambo gani. Yule wa bodaboda alicheka, akaniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya. Ukitoa sadaka ya shukrani kanisani, andika juu ya bahasha unashukuru kwa nini.

Ila usidhani unalipa ukamaliza. Sisi wenye maduka tunasema kukopa harusi, kulipa matanga. Mwandishi wa Zaburi ya 116 anauliza amrudishie Bwana nini kwa ukarimu wake wote, na jibu lake mwenyewe ni hili: "Nitakipokea kikombe cha wokovu." Anauliza atalipa nini, kumbe anapokea tena!

Hatua ya 7: Kurasa zikikutana.
Za mbele na za nyuma zikigusana, nunua daftari jingine, la zamani litunze. Mimi madeni yasiyolipwa huyahamishia kwenye daftari jipya. Mawili matatu huyaacha hukohuko.