Chumvi ya steki: mapema, au dakika ya mwisho

Steki nene ya kuchoma ipake chumvi na pilipili manga angalau dakika 40 kabla ya kuipeleka kwenye mkaa, kisha iache bila kufunika kwenye friji, hata usiku kucha. Chumvi huanza kwa kuvuta maji. Baada ya dakika kumi utaona nyama inang'aa kama imetoka jasho. Usiichome hapo, itachemka badala ya kushika rangi. Subiri: majimaji yale huyeyusha chumvi na kurudi nayo ndani, juu kukakauka. Huna muda? Paka wakati wavu umeshapata moto. Vipande vyembamba usivilaze na chumvi, vitakauka. Sukari na kitunguu saumu cha unga acha kabisa kwenye moto mkali, huungua vikawa vichungu.